Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Philadelphia Eagles: Mwacheni Jihaad Campbell Katikati

Kwa Bwana Howie Roseman, meneja mkuu. Kocha Nick Sirianni. Na Kocha Vic Fangio, mkuu wa ulinzi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu kijana wenu namba 30, Jihaad Campbell. Msimu wake wa kwanza umekwisha. San Francisco 49ers walikuja nyumbani kwetu Januari hii wakatutoa kwa 23 kwa 19, na sasa ndio wakati mnapofunga milango na kuamua nani abaki, nani aondoke, nani abadilishiwe kazi. Ombi langu ni moja: huyu msimbadilishie kazi. Mwacheni awe lainibeka wa katikati msimu mzima wa 2026, hata wiki ile ambayo wachezaji wa pembeni, wanaomkimbiza kotabeki (mrusha pasi wa wapinzani), watawaishia. Wiki hiyo itafika, maana hata mwaka jana ilifika.

Barua ni ya wazi, kwa hiyo wataisoma pia Waswahili wenzangu wanaoifuata timu hii, walioko Upper Darby na Lancaster, na walioko Dar es Salaam na Mombasa ambako mechi yenu ya saa saba mchana huanza saa mbili au saa tatu usiku. Kwa ajili ya wale wanaoanza kuujua mpira wa Kimarekani, nieleze kidogo. Lainibeka wa katikati husimama yadi nne au tano nyuma ya mstari wa mbele. Mpira ukianzishwa, ana chini ya sekunde moja ya kujua kama wapinzani wanakimbia nao au wanarusha pasi. Wakikimbia, anajipenyeza kati ya watu wa kilo 140 kumsaka mwenye mpira. Wakirusha, anageuka kurudi nyuma na kuziba njia ya pasi huku macho yako kwa kotabeki. Anayecheza pembeni ana kazi nyingine kabisa. Anaanzia mstarini, mbele yake kuna jitu moja la kupambana nalo, na mara nyingi anajua anakokwenda kabla mpira haujaanza: kwa kotabeki.

Aprili 2025, kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wa vyuoni, iliyofanyika Green Bay, mlipanda nafasi moja tu, kutoka ya 32 hadi ya 31, mkawapa Kansas City Chiefs chaguo la raundi ya tano ili Campbell asiwaponyoke. Eagles hawakuwa wamemchukua lainibeka wa katikati kwenye raundi ya kwanza tangu Jerry Robinson mwaka 1979. Bwana Roseman, kwa miaka mingi umeonyesha kwa vitendo kwamba nafasi hii huitolei gharama kubwa. Kwa hiyo ulipoitolea, tuliokaa mbele ya televisheni tulielewa kuwa umeona kitu. Na kulikuwa na cha kuona: mtoto wa New Jersey, ng'ambo tu ya mto Delaware, kilo 107, aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.52, na ambaye mwaka 2024 akiwa Chuo Kikuu cha Alabama aliangusha wapinzani zaidi ya mara 110 na kumwangusha kotabeki mara tano. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega mwezi Machi. Hilo halikuwatisha, na mlifanya vyema.

Tatizo ni kwamba kijana huyu anaweza mengi. Kabla ya kwenda Alabama, alipokuwa shule ya IMG kule Florida, alisifika kama mchezaji wa pembeni, na chuoni ndiko alikogeuzwa kuwa mtu wa katikati. Kwa hiyo kila mara pembeni pakipungua mtu, jina la kwanza kutajwa ni lake. Huku kwetu mchezaji wa namna hiyo tunamwita kiraka. Timu yoyote inampenda kiraka, lakini hakuna timu inayotumia chaguo la raundi ya kwanza kumtafuta.

Tuangalie yaliyotokea 2025. Nakobe Dean, lainibeka wa katikati, alikuwa nje kwa jeraha la goti alilolipata Januari dhidi ya Green Bay, na Campbell akapata namba kando ya lainibeka mwenzake Zack Baun tangu mechi ya kwanza dhidi ya Dallas. Mwishoni mwa Septemba, kule Tampa, alinyaka pasi ya Baker Mayfield. Oktoba mambo yakaja kwa mkupuo. Dean alirejea uwanjani, na kwa haki kabisa akarudishiwa nafasi yake. Mwezi huohuo Za'Darius Smith akastaafu ghafla wakati Nolan Smith naye ni majeruhi, pembeni pakabaki wazi. Mkamrudisha Brandon Graham aliyekuwa amekwisha kustaafu, na mapema Novemba mkamchukua Jaelan Phillips kutoka Miami. Katikati ya pilikapilika hizo Campbell aligeuka mtu wa kuziba pengo: mara anaingia ndani, mara anasogezwa pembeni, mara amekaa benchi.

Kukaa benchi nyuma ya Dean silalamikii. Dean mwenyewe mwaka 2022 aliwasubiri T.J. Edwards na Kyzir White, na kusubiri hakukumharibu. Mchezaji wa mwaka wa kwanza anaweza kujifunza akiwa ameketi, mradi anajua anajifunza kazi gani. Ninachokililia ni kijana kuingia mazoezini Jumatano bila kujua Jumapili atasimama wapi.

Kocha Fangio, kwa heshima zote wewe ndiwe mzee wa kazi hii, na ulinzi wako unaigwa ligi nzima. Unawaweka mabeki wawili nyuma kabisa ili pasi ndefu isipite, na unakubali kubaki na watu wachache mbele. Mtu wa ziada wa kumshambulia kotabeki humtumi ila kwa nadra. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2025 hukumtuma hata mara moja, na bado Patrick Mahomes, kotabeki wa Kansas City, aliangushwa mara sita, tukashinda 40 kwa 22. Watu waliusifu mstari wa mbele, na ulistahili. Lakini mabeki wawili wakikaa nyuma, mbele hubaki sita, na mara nyingine hao sita wanakabiliana na wazuiaji saba. Yule mmoja aliyepungua anafidiwa na lainibeka, na anafidia kwa kusubiri. Akiuvamia upenyo mapema, mkimbiaji anageukia upenyo wa pili ambao hauna mtu. Akichelewa, gadi, mmoja wa wazuiaji wa mbele, anamfikia na kumfunika. Kuna nukta moja ya wakati iliyo sahihi, na haifundishwi ubaoni.

Hapo ndipo napenda kumtazama Campbell. Zile picha zinazopigwa kutoka nyuma ya goli zinamsaidia mtazamaji kuuacha mpira na kuangalia miguu ya gadi, yule jitu anayesimama jirani na mwanzishaji wa mpira. Gadi akipiga hatua mbele na kuinamisha kifua, ni mbio. Akinyanyuka na kurudisha mguu nyuma, ni pasi. Akichomoka kuelekea upande, mpira nao kwa kawaida unaelekea upande huo. Lainibeka anasoma miguu hiyo, na wapinzani wanajua kuwa anaisoma. Ndiyo maana wanamfundisha gadi adanganye. Anapiga hatua mbele kama mbio, kotabeki ananyoosha mpira hadi tumboni kwa mkimbiaji, kisha anauchomoa. Lainibeka aliyeingizwa mkenge keshasogea hatua mbili. Hatua mbili tu, na nyuma yake mpokeaji anakatiza kwenye uwazi wa yadi kumi na tano. Kwenye ulinzi wenye beki mmoja aliyeshuka karibu, kosa hilo lina mtu wa kulifuta. Kwenye ulinzi wako, Kocha, mabeki wako mbali, na hakuna wa kulifuta.

Kijana mwenye mbio ndiye anayenaswa zaidi, kwa sababu amezoea kwamba hata akikosea atakimbia na kurekebisha. Chuoni inawezekana. Kwenye NFL, ligi yenu ya kulipwa, kotabeki anahitaji nusu sekunde tu. Kila lainibeka mwepesi huanza hivyo, na kwa macho yangu Campbell hakuwa tofauti: alikuwa kama kipa anayetoka golini kabla krosi haijapigwa. Dawa yake ni kuyaona mambo yaleyale mara mamia, akiwa amesimama palepale, mpaka mguu ujifunze kukaa kabla kichwa hakijaamuru. Kila mazoezi anayoyatumia kujifunza kumzunguka mtu wa pembeni ni mazoezi ambayo hakuiangalia miguu ya gadi.

Ndiyo maana nawaomba msimpime kwa idadi ya watu aliowaangusha. Mwenye mpira akiangushwa baada ya yadi mbili, na mwenye mpira akiangushwa baada ya yadi tisa, kwenye karatasi vyote vinahesabiwa kimoja kimoja. Lainibeka anayefanya kosa na kumkimbiza mtu kwa nyuma anaweza kumaliza msimu na takwimu nzuri kuliko yule aliyeziba njia hata kotabeki akaghairi kurusha. Huyu wa pili hana anachoandikiwa. Mpimeni kwa mambo ambayo ninyi ndani mnayaona na sisi nje tunayaona nusu: alisimama wapi kabla ya mpira kuanza, hatua yake ya kwanza ilikwenda wapi, alipomwona mpokeaji wa tatu akipanda katikati alimsindikiza au alimwachia beki kimakosa, na alipokosea Jumapili hii, Jumapili iliyofuata alirudia? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mchezaji wa mwaka wa kwanza ana haki ya kukosea. Kosa lilelile likirudi wiki ya sita ndipo pa kuuliza, lakini hamwezi kumuuliza mtu aliyekuwa amehamishiwa kazi nyingine wiki ya tano.

Mtaniambia habari za Micah Parsons. Dallas walimchukua nafasi ya 12 mwaka 2021 kama lainibeka wa ndani, DeMarcus Lawrence akaumia, Parsons akapelekwa pembeni, akamaliza mwaka wake wa kwanza akiwa ameangusha kotabeki mara 13, na tuzo ya mlinzi chipukizi bora. Ni kweli yote. Lakini Parsons alipofika pembeni alionekana tangu siku za kwanza kuwa mmoja wa wakali wa ligi nzima katika kazi hiyo. Hakuna aliyeuona moto wa namna hiyo kwa Campbell akiwa pembeni, na halikuwa kosa lake.

Mfano unaonitia hofu ni wa Isaiah Simmons. Arizona walimchukua nafasi ya 8 mwaka 2020 kutoka chuo cha Clemson, ambako alikuwa amecheza karibu kila nafasi ya ulinzi, na watu wakalishangilia hilo. Wakamtumia ndani, wakamtumia nje, wakamtumia nyuma. Agosti 2023 walimpeleka New York Giants kwa chaguo la raundi ya saba. Kijana mwenye mwili ule na mbio zile! Sisemi kwamba kumhamahamisha ndiko kulikomshusha peke yake, ila miaka mitatu ilipita bila mtu kuweza kusema kwa uhakika kazi yake ni ipi.

Nendeni sasa kwa Luke Kuechly, kwa sababu yeye naye alihamishwa na bado akang'ara. Carolina walimchukua nafasi ya 9 mwaka 2012 na kumwanzisha upande dhaifu wa safu ya malainibeka. Jon Beason alipoumia, Kuechly akasogezwa katikati. Alimaliza mwaka huo akiongoza ligi nzima kwa kuangusha wapinzani, mara 164, na akachukua tuzo ileile ya chipukizi. Lakini tazameni alihamishwa kwenda wapi: hatua chache kushoto au kulia, umbali uleule kutoka mstarini, macho yaleyale, miguu ileile ya gadi. Alibadilishiwa mahali pa kusimama, kazi ikabaki ileile. Campbell akihamishwa kutoka upande wa Dean kwenda upande wa Baun, mimi sina neno.

Wala hamhitaji kutazama mbali. Zack Baun alitoka chuo cha Wisconsin akiwa mtu wa pembeni. New Orleans walimchukua raundi ya tatu mwaka 2020, na miaka minne akaimaliza zaidi kwenye vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati wa mateke, hajulikani hasa ni wa wapi. Mwaka 2024 mkampa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 3.5, na wewe, Kocha Fangio, ukamwambia kazi yako ni katikati. Ukamwacha hapo. Wapinzani 151 wakaanguka mikononi mwake, akaingia kikosi bora cha ligi, akanyaka pasi kwenye Super Bowl, na mkamwongezea miaka mitatu kwa dola milioni 51. Mtu yuleyule, mwili uleule. Cooper DeJean naye mwaka huohuo alisubiri mpaka mapumziko yenu ya Oktoba, akapewa kazi moja ya kumlinda mpokeaji wa ndani, na tangu hapo ulinzi mzima ukatulia. Mnajua kulifanya jambo hili kuliko timu yoyote. Ndiyo maana sikuelewa kwa nini Campbell asifanyiwe hivyohivyo.

Kuna jina moja ambalo Waswahili tunalitaja kila lainibeka anapojadiliwa: Daniel Adongo wa Nairobi. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimtoa kwenye raga wakampa nafasi ya lainibeka wa nje ilhali hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani maishani mwake, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwili alikuwa nao, na zaidi. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha kuisoma miguu ya wazuiaji tangu utotoni, na yeye alitakiwa kuifidia miaka hiyo yote kambini. Akaishia zaidi kwenye vikosi maalumu. Tulimshangilia kwa moyo wote, na tulijifunza kwamba katika nafasi hii mwili unakufikisha mlangoni tu. Campbell, kwa kazi ya ndani, ana miaka michache tu ya Alabama na vipande vya msimu mmoja wa Philadelphia. Bado anahitaji saa, na saa hizo ziko mikononi mwenu.

Na kuna bega. Lainibeka wa katikati hugongana na wazuiaji mara nyingi, lakini mara nyingi pia huwakwepa, au hurudi nyuma kulinda pasi bila kuguswa. Mtu wa pembeni hana pa kukwepea. Mchezo baada ya mchezo anapeleka mikono na mabega kwenye kifua cha mtu anayemzidi kilo 35 au 40. Mazoezini kwenu mtu huyo ni Jordan Mailata, ambaye anakaribia kumzidi kilo 60. Bega lililopasuliwa Machi 2025 halistahili kupelekwa huko kwa sababu tu wiki hii mtu mwingine kaumia. Daktari wenu anajua zaidi yangu hali ya bega hilo, na sitajifanya tabibu, lakini hesabu ya migongano haihitaji udaktari.

Nina ombi dogo la mwisho, nalo ni la vitendo. Katika ulinzi ni kofia moja tu uwanjani inayoruhusiwa kuwa na redio ya kuzungumza na kocha, na sauti hukatwa saa ya kuhesabu muda wa kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15. Kwenye mechi za maandalizi za Agosti mpeni Campbell kofia hiyo. Mwacheni apokee mpango, awapange wenzake kwa sauti, aone wapinzani wanavyobadilika redio ikiwa imekwisha kunyamaza, na abadilishe yeye. Atakosea. Agosti makosa ni bure. Lainibeka anayelazimika kuwaambia wenzake wasimame wapi hujifunza ulinzi wote, na baada ya mechi hizo mtajua mengi kumhusu kuliko ambavyo miezi ya kukisia ingewaambia. Nje ya hapo, wekeni mtu mzima mmoja wa pembeni wa akiba tangu Julai, msingoje hadi Oktoba mpige simu kwa waliostaafu.

Mpaka Mei 2028 mtatakiwa kuamua kama mnauchukua mwaka wa tano wa mkataba wake. Kati ya sasa na siku hiyo kuna misimu miwili tu, 2026 na 2027. Mkimwacha katikati, mtakuwa na picha za misimu miwili za mtu mmoja akifanya kazi moja, na uamuzi wowote mtakaoufanya, hata wa kumwacha aende, mtaufanya mkiwa mnamjua.

Nawatakia kazi njema ya usajili.

Shabiki wenu